Mwaka Tuliokata Mkrismasi wa Haji

Nilikutana na Zaituni mjini Bwera siku ya soko, kwenye kibanda cha vitenge. Hatukuwa tumeonana tangu tukiwa wasichana, na sasa sote ni wanawake wa miwani. Yeye ndiye aliyenitambua. Akanishika mkono asiuachie, akaniuliza watoto, akaniuliza presha, halafu akasema kwamba fundi aliyeitwa kupunguza matawi ya mti wa baba yake, Haji, amekataa kupanda. Ati mti una matawi mengi membamba yaliyotoka mahali pamoja, kama vidole, na lolote linaweza kung'oka na mtu juu yake. Fundi aliuliza ni nani aliyeukata vile zamani. "Nikamwambia ni Biira na mama yake," Zaituni akasema, akacheka. Mimi sikucheka vizuri. Nilirudi nyumbani na kitenge ambacho sikukitaka, na tangu siku hiyo ninaandika kidogo kila jioni, nikifuta zaidi ya ninavyoandika. Shule yangu iliishia la saba, na yako mambo ya mwaka ule ambayo sina hakika nayo. Nikifika kwenye hayo nitasema.

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho nyuma ya nyumba ya Haji, kimeegemea stoo ya saruji. Haji alikuwa na malori yaliyochukua saruji kiwandani Hima na kuivusha Kongo, na vumbi lake lilikaa juu ya kila kitu. Asubuhi ukifunua ndoo ya maji ya kunywa ulikuta utando wa kijivu. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa ndani: kufua, kupika, kufagia boma. Mama alikuwa ameshuka kutoka Mahango, kwetu mlimani, kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Alijigonga jembe kwenye kidole akipalilia, kidonda kidogo tu, lakini kumbe alikuwa na ugonjwa wa sukari ambao hakuna aliyeujua, na kidonda kikakataa kufunga. Hospitali ilikuwa karibu na kwa Haji, mwendo wa kwenda ukiongea bila kuchoka. Akiwa Mahango asingeweza kushuka na kupanda mlima ule kila mara kwa ajili ya bendeji. Hajati, mke wa Haji, ndiye aliyesema mama aje akae nami, na sikuwa hata nimemwomba. Hilo nalitanguliza, kwa sababu kuna mahali mbele mtu anaweza kufikiri walikuwa watu wagumu. Hawakuwa. Ijumaa Hajati alituletea pilau kwa mkono wake mwenyewe, akakaa kwenye kizingiti akamtazama mama akila, kwa maana mama alikuwa na tabia ya kunifichia nyama.

Siku nyingine tulikula bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, na dagaa wakipatikana. Mama alikula akiwa amenyoosha mguu juu ya gunia, mimi nikiwa upande wa pili wa sufuria ili asione nikiziba pua. Nasema ukweli: mguu ulikuwa unanuka. Ukuta kati yetu na stoo ulikuwa wa matofali yasiyopigwa lipu, na maneno ya wapakiaji yalipita kama hakuna ukuta. Mchana mmoja nilimsikia Ramazani, dereva, akiwaambia wenzake, "Ile muguu ya mama ya kule inanuka mpaka mu saruji. Siku moja tutajenga nayo nyumba ya mutu." Wakacheka. Nilimtazama mama. Alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe na uso wake haukubadilika, nami nikamshukuru Mungu kwamba Kiswahili hakimwingii. Ramazani huyohuyo ndiye aliyembeba mama mgongoni mpaka hospitali siku mvua ilipokata njia. Sijui niyaweke wapi hayo mawili. Nayaacha yakae pamoja.

Mti wenyewe ulikuwa ule tunaouita mkrismasi, wa maua mekundu yanayofunika kila kitu karibu na Desemba, ambao maganda yake marefu watoto huyatikisa kama kayamba. Haji aliupanda alipojenga. Alipenda kusema kwamba kabla yangu, ndani ya boma lake la Kiislamu alikuwa na Mkristo mmoja tu, naye hunywa maji na kusimama. Mama alipokuja, Haji akasema, "Sasa Wakristo beko watatu. Kesho mutanidai kanisa." Chini ya mti huo Hajati alipanga mikeka ya wanawake wenzake, na hapo ndipo alipokaa mchana kutwa. Shida ilikuwa tawi moja kubwa lililopita juu ya chumba chetu. Ramazani aliwahi kulipunguza kwa panga ili lori lipite, akaacha kigutu cha urefu wa mkono, na kigutu kile kikaoza, uozo ukaingia ndani ya tawi. Upepo ukivuma lilikuwa linalia juu ya mabati yetu. Haji akijiandaa kwenda Beni na malori aliniita akanionyesha kwa kidole. "Moja tu, Biira. Hii yenye ugonjwa. Kwingine usiniguse Mkristo wangu." Hajati naye alikuwa anaondoka kwenda Kasese kwa mambo ya uchumba wa Zaituni. Nikabaki na msumeno, panga, na mama.

Mama alitoka na kiti chake, akakaa akautazama mti kuanzia chini hadi juu, kama anavyotazama mtu anayekuja kuomba shamba. Akasema mti huu umechoka. Kwetu Mahango mkahawa ukichoka haukatwi tawi moja. Unakatwa wote, shina linaachwa fupi, kwa mshazari ili maji yateremke, na linaachwa tawi moja tu la kupumulia mpaka machipukizi yatoke. Halafu unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unayavunja, na mti unakuwa msichana tena. Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote na hivyo ndivyo mama yake alivyofanya. Nilimwambia Haji alisema moja. Akaniuliza, "Haji amelima kahawa wapi?" Nikachukua msumeno. Na huenda, hapa sina hakika, huenda nilifurahi pia. Mama tangu ashuke mlimani alikuwa mtu wa kufungwa bendeji na kuletewa bakuli. Siku hiyo alinyoosha kidole na mtu akapanda.

Nilikata kwa siku kadhaa. Mti uligawanyika kifuani kuwa matawi makubwa, na mama alinielekeza moja baada ya jingine: kwanza ukate kidogo kwa chini ili ganda lisichanike na kuteremka na shina, halafu juu, mshazari uangalie nje. Tuliacha tawi moja upande wa mawio. Majirani walibeba kuni wakitusifu. Kwenye majani yaliyoanguka niliona matumba ya maua, ya kijani, magumu, mengi mno. Nikamwonyesha mama. Alichukua moja akalipasua kwa ukucha, ndani kulikuwa na wekundu tayari. Akalitupa, akasema hata kahawa hukatwa na maua yake ikibidi. Nikapaka vidonda vya mti udongo wa mfinyanzi kama alivyoniambia, tukaingia ndani, tukala vizuri.

Hajati aliporudi alisimama langoni na mkoba wake begani. Hakupiga kelele. Alikwenda akashika shina, akauliza, "Biira, nani amekutuma?" Kabla sijafungua mdomo, mama alijibu kutoka mlangoni, kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile cha wapakiaji: "Mimi, Hajati. Makosa iko yangu." Ndipo nilipojua kwamba alisikia yote, mwaka mzima, kupitia ule ukuta. Hajati akamtazama, akatazama mguu wake, akasema, "Basi, Mama Biira. Tungoje." Alikunja mikeka akaipeleka barazani. Haji alipofika alicheka kicheko kifupi, akasema, "Mukristo wangu mumemukata mikono," halafu hakuutaja tena mti ule mbele yetu. Heri angetukana.

Mvua ilikuwa imekwisha. Jua la Bwera mwezi ule ni jua linaloshuka chini na kukaa na watu. Ganda la mti lililozoea kivuli cha majani yake lilibaki uchi, likababuka, likaanza kufunguka vipande vipande upande wa machweo. Tawi la kupumulia likadondosha majani. Kila asubuhi nilifagia nikitazama vigutu vile, na havikuwa na kitu. Na wiki hizohizo mguu ukageuka. Weusi uliokuwa kwenye kidole ukaingia kwenye unyayo. Musawo, yaani daktari, aliyetuhudumia hospitali alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na watu walikuwa wamepanga foleni mpaka nje. Kama alisema vibaya, sikumlaumu. Alichukua kalamu akachora mstari kwenye ngozi ya mama pale weusi ulipoishia. Akasema ukivuka mstari huu hatutangojea, tutakata chini ya goti, mahali palipo hai, tubakize ngozi ya kufunikia. Ukifika juu tutakata juu. Ukifika juu zaidi hakuna pa kukata. Niliyatafsiri maneno hayo kwa Kikonzo, polepole, ingawa sasa nilijua hakuhitaji.

Tuliporudi nyumbani, mstari ukavukwa kabla ya Jumapili. Mama akasema hakatwi. Nililia, nikapiga magoti, Hajati akaja akasema naye. "Mama Biira, kule lopitalo banakata kila siku, batu banapona. Unaona yule wa soko, anauza ndizi na muguu moja, anatukana batu vizuri tu." Mama akatabasamu kwa ajili ya Hajati. Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, kwa Kiswahili, ili sote wawili tusikie: "Mti inachipuka, Hajati. Muguu haichipuki. Lakini mimi nilikata mti ya watu. Ikichipuka, na mimi nikatwe. Ikikufa, muniache hivi." Hajati alisema hayo siyo maneno. Mama akasema ndiyo hayo. Alikuwa mtu wa neno lake. Mlimani watu walikuwa wakija kumwita ashuhudie mipaka ya mashamba. Tulijua hatalirudisha.

Nikawa mtumwa wa mti. Nilimwagia maji ya kuoshea vyombo. Hajati, bila kuniambia, alianza kutawadhia pale shinani, asubuhi na alasiri, ili maji yake yaende huko. Mama alikaa mlangoni akitutazama sote wawili, na mguu wake juu ya gunia. Kuna siku nilichukia mti ule mpaka nikaogopa. Mtu mmoja sokoni akaniambia yuko mzee mmoja huko Bulembia, juu ya Kasese, jina lake ni Kule, aliyetunza miti ya nyumba za zamani za wazungu wa mgodi, miti kama hiyo. Nikaomba ruhusa nikaenda Kasese, nikapanda mpaka huko nikamkuta anakunywa chai kwenye baraza lake. Nilimweleza habari za mti tu. Alinisikiliza akitikisa kichwa. Akasema mkrismasi si mkahawa. Unaungoja umalize maua, umalize na maganda, majani yakianza kuanguka na mvua ikiwa inanukia, hapo unatoa yaliyokufa na yanayosuguana, machache tu, unakata karibu na ile pete iliyovimba tawi linapoanzia, huachi kigutu, huingii ndani ya pete. Kichwa chake hukigusi. Ninyi mmeukata ukiwa umepeleka nguvu yote juu kwenye maua, akasema, na mkautupia jua. Utachipuka au hautachipuka, lakini ungoje mvua.

Nikamuuliza kama kuna dawa ya kuuharakisha. Akacheka. "Uharakishe iende wapi?" Ndipo nikamweleza la mama. Aliweka kikombe chini. Akajifuta mdomo kwa kiganja. Akasema, "Basi mwanangu, usingoje mti." Nikasema ni neno la mama. Akasema, "Nimesikia. Usingoje." Nilishuka mpaka stendi nikilia hadharani, na watu wa Kasese wana adabu, hakuna aliyeniuliza.

Huenda ni maji ya Hajati. Huenda ni mti tu. Kabla mvua haijaja nilipofagia asubuhi niliona madoa ya kijani chini ya vigutu, mekundu kidogo kwenye ncha, laini kama sikio la paka. Nilitupa ufagio. Nilimbeba mama mpaka pale, akiwa mwepesi, akiungua kwa homa, na Hajati akaja anakimbia na kanga ya nyumbani. Mama akayagusa. Machozi yalimtoka, hayo nina hakika nayo. Hajati akasema, "Sasa, Mama Biira." Mama akasema ndiyo. Lakini akasema haya bado machanga, yako mengi yamebanana, mvua ya kwanza itayang'oa. Yakifika urefu wa mkono atachagua manne yenye nguvu, avunje mengine, ndipo mti uwe umechipuka. Hiyo ndiyo kuchipuka. Mkahawa hauhesabiwi umepona kabla ya kuchagua. Hajati akamtazama kama mtu asiyeamini kinachosemwa. Weusi ulikuwa umepita kifundo. Nilijua urefu wa mkono ni muda gani, na mama alijua kuliko mimi. Sikuweza kujua wakati ule, na hata sasa siwezi kuapa, kama alikuwa ananidanganya au anajidanganya, au kama alisema tu kile ambacho mikono yake ilijua. Nilimrudisha ndani. Kwa siku kadhaa yale machipukizi yalirefuka nami nikayatazama yakirefuka, na asubuhi nikifungua bendeji nilitazama weusi nao ukipanda.

Siku moja mama aliamka anaongea na bibi yangu, ambaye alikuwa amekufa. Akarudiwa na akili, akaomba uji, akaniuliza, "Yamefika wapi?" Alimaanisha machipukizi. Nikamwambia yamefika kiganja. Akasema, "Bado." Nikatoka nje. Nilikwenda kwenye mti, nikayavunja. Yote, kigutu baada ya kigutu, kwa mkono, na yalivunjika kirahisi, yakitoa maji. Mama alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. Ramazani na wapakiaji waliacha kupakia. Hajati alitoka barazani akasimama. Nilirudi nikayaweka mapajani kwa mama, lundo la kijani, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Hakuna cha kuchagua sasa. Mti hauna kitu. Nimeukata mimi, si wewe, deni lake sasa ni langu, na neno lako limekwisha. Twende."

Aliyatazama. Akachukua moja akaliviringisha kati ya vidole. Nilidhani atanilaani, mama angeweza. Alisema, "Umeharibu mti wa wenyewe." Nikasema ndiyo. Akalirudisha lile moja juu ya lundo. Halafu akasema, "Nipe kitenge kile kizuri. Siendi kule nimevaa hiki." Hajati ndiye aliyekifuata. Ramazani alimchukua mgongoni, safari hii bila mvua, na mama akamwambia sikioni, nami nilisikia, "Sasa nyumba ya mutu utajenga na nini?" Ramazani alikwenda njia yote ameinamisha kichwa.

Walikata juu ya goti, kwa sababu tulichelewa. Kama tulichelewa kwa sababu yangu, au ya mama, au ya mti, kila jioni nimeandika jina tofauti na kulifuta. Mama alipozinduka hakuuliza lolote kuhusu maumivu. Aliuliza mguu uko wapi. Kwetu mguu wa mtu hautupwi. Ni mwili wa mtu, una nyumbani kwake. Musawo yule kijana alinipa ukiwa umefungwa kwa shuka, akaniangalia kama anayetaka kusema pole akakosa lugha. Haji alitoa gari dogo bila kuombwa, likanifikisha pale barabara inapoishia, na kutoka hapo nilipanda Mahango kwa miguu nikiwa nimeubeba kama mtoto aliyelala. Ulikuwa mzito. Watu walionisalimu niliwaitikia. Mjomba alikuwa ametangulia na jembe. Mama alikuwa ameniagiza mahali: ndani ya kahawa yake, safu ya juu, karibu na mama yake. Na aliniagiza jambo jingine. Kaburi lichimbwe pembeni, si katikati, mguu uwekwe upande wa kushoto, na nafasi ya kulia iachwe, ni yake, mtu mwingine yeyote asipewe.

Tulichimba hivyo. Mjomba alipima kwa mpini wa jembe nafasi ya mtu mzima aliyelala, akaweka jiwe kila upande, tukafukia mguu peke yake, akasoma sala fupi maana hakujua sala ya mguu. Baadaye mama alirudi mlimani kwa magongo, akaiona nafasi ile, akaizunguka, akasema ardhi nzuri kama ile haiwezi kukaa bure. Tukapanda maharagwe. Tukayapanda na msimu uliofuata, na mwingine, na nilipoolewa, na nilipojifungua wa kwanza na wa pili na wa tatu. Kila mavuno alikaa kwenye kiti chake pembeni mwa nafasi ile akichambua maharagwe, akituuliza mbona tunamtazama.